Ile Ndefu, Upande wa Pili

Siku anaolewa hakuna aliyemnong'oneza kwamba ndani ya nyumba anayokwenda mna mke mwenza, tena mke mwenza mwenyewe mweusi tii, mviringo, na ana tundu katikati. Angejua angeweka masharti mapema. Lakini ukipenda boga, penda na ua lake, na boga alikuwa amelipenda kwelikweli: kijana mrefu, fundi wa lifti, mikono inanuka grisi, mwenye maneno ya kumchekesha hata mtu aliyekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Boga likaingia kwenye ndoa na ua lake likiwa ndani ya jalada la karatasi ngumu, limeviringishiwa shuka lisije likakwaruzika.

Ilikuwa santuri ya roki, ila si roki ile ya kuinukia na kucheza. Ukijaribu kuicheza utateguka kiuno. Jaladani kuna picha ya ngazi iliyosimama peke yake katikati ya maji, haina nyumba, na juu yake kakaa mtu kashika mwavuli wakati mvua hainyeshi. Ukiuliza maana yake, mume anakuambia, "Ndiyo utamu wake." Upande wa kwanza una nyimbo tano. Upande wa pili una wimbo mmoja, mmoja tu, tangu sindano inaposhuka mpaka inapofika kwenye karatasi ya katikati. Watoto walipoanza kusema wakauita Ile Ndefu, na jina likashika santuri nzima.

Alivyoipata, mume aliisimulia hadithi hiyo mpaka wanawe wakawa wanammalizia. Alikuwa bado anajifunza kazi. Bosi wake yuko chini mlangoni, yeye yuko ndani ya shimo la lifti, juu ya paa la lifti yenyewe, anapaka nyaya grisi, mara kupitia ukutani akasikia kinanda kinaanza taratibu, gita linakijibu, na ngoma zinaingia mahali ambapo hakuzitegemea kabisa. Akaacha kupaka. Bosi anaita, wapangaji wanabonyeza kengele, mama mmoja mwenye vikapu anatoa maneno ambayo hayaandikiki, na yeye kimya, kabandika sikio ukutani mpaka wimbo ukaisha. Aliadhibiwa kufagia karakana mwezi mzima, akafagia huku anaimba. Mpangaji mwenye santuri hiyo alipokuja kuhama, akamkuta kijana wa lifti mlangoni anabeba masanduku bila kuombwa, akaelewa mwenyewe, akamkabidhi santuri.

"Wimbo mwingine unakufikisha ghorofa moja, unashuka," alikuwa akisema. "Huu unakupandisha mpaka juu kabisa, kila ghorofa unakusimamisha uchungulie, halafu unakurudisha chini, na ukifika chini wewe si yule aliyepanda."

"Mimi napenda ngazi," mke anamjibu, na mambo yanaishia hapo.

Mke alikuwa fundi cherehani. Tena si fundi wa kubahatisha: kola zake zilikaa, na wateja walimfuata kila alikohamia. Chumba chake cha kazi kilipakana ukuta na sebule, na Jumapili mchana ndiyo siku yake ya kumalizia nguo, kwa sababu wenyewe wanazifuata jioni ili wavae Jumatatu. Jumapili mchana hiyo hiyo ndiyo ya Ile Ndefu. Mume anaifuta santuri kwa kitambaa cha flana, anaishika pembeni kwa vidole vya kuombea dua, anaishusha, anakaa. Huku cherehani inanguruma, kule roki inanguruma, na ukuta katikati unavumilia.

Alilalamika, alilalamika sana, na mimi simlaumu. Aliuita wimbo huo kelele za mabati. Aliuliza kama hao waimbaji hawana mama zao. Mara moja tu alijaribu kulikanyaga kanyagio la cherehani kwa mapigo ya wimbo ule, na kwa kuwa ngoma zake zinahesabu moja mpaka saba badala ya nne kama za binadamu wengine, akashona pindo la suruali ya mtu likaenda kama njia ya mlevi. Tangu hapo akauita wimbo unaochechemea. Lakini zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mwanamke huyu alikuwa na jambo moja zuri ndani ya kelele zile. Wimbo ukifika mahali, ukuta unanyamaza. Anajua sasa mume anageuza santuri. Anaachia kanyagio, anamimina chai, anaingia sebuleni na vikombe viwili, anakaa kwenye mkono wa kochi na kupiga naye soga mpaka makelele yaanze tena. Yakianza anasema, "Haya, umeshageuza," anarudi kwenye nguo za watu. Ilikuwa hivyo Jumapili zote, watoto wakazaliwa, wakakua, wakaondoka.

Sasa, vyumba vya mota za lifti havina huruma na masikio. Mtu akikaa maisha yake yote kichwa kikiwa kando ya mitambo, masikio yanadai haki yao. Sauti nyembamba ndizo zilizoaga kwanza: kengele ya mlango, ndege dirishani, mjukuu akinong'ona siri. Zikafuata herufi za mwisho za maneno, halafu maneno yenyewe. Binti yao mkubwa, mhasibu, mwanamke wa kutatua mambo, akamletea baba yake kifaa cha masikioni cha kisasa. Mzee akakivaa siku mbili. Akasema watu anawasikia, lakini na masufuria ya nyumba ya tano pia anayasikia.

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema akicheka, akakirudisha kwenye kijaluba chake.

Jumapili iliyofuata akakivaa tena kwa ajili ya Ile Ndefu. Mke, huku kwake, akausikia wimbo ukianza, ukichechemea, ukipanda, halafu ukakatika ghafla mahali ambapo haukatiki. Akadhani umeme umekwenda. Akatazama taa, taa inawaka. Alipochungulia sebuleni akamkuta mumewe anairudisha santuri kwenye jalada, pole pole. Kifaa kilikuwa mezani.

"Vipi?" akamuuliza.

"Imeharibika," mume akasema.

"Santuri?"

"Mimi."

Hakuipiga tena. Ungedhani mke angepiga vigelegele; siku aliyoiomba kwa ulimi wake imefika. Wapi. Nyumba ikawa kubwa. Mume naye, yule mcheshi wa kuwachekesha waliokwama, akaanza kujikunja ndani ya kimya chake. Ukimuuliza atakula sasa au baadaye, anajibu, "Ndiyo." Wageni wakija anatabasamu kwa wote sawasawa halafu anaingia chumbani. Jumapili mchana anakaa kwenye kochi lile lile, mikono katikati ya magoti, anautazama ukuta. Mke anashona, anasimamisha cherehani, anasikiliza, hakuna kitu, anashona tena. Aliogopa. Alikuwa amewaona wazee wanaoanza kuondoka hivyo, kidogo kidogo, miili ikiwa bado inakula mezani.

Ndipo jioni moja mume akatangaza, sauti juu kama wasemavyo wasiosikia, kwamba amepita kwa yule mwenye duka la vitu vya kale. Jumapili baada ya chakula cha mchana atakuja kuchukua gramafoni, spika na santuri zote.

"Na Ile Ndefu?" mke akauliza, akalazimika kuuliza mara ya pili kwa nguvu.

"Hiyo ndiyo anayoitaka hasa. Santuri isiyosikilizwa ni sinia tu, bibie. Utapata nafasi ya kuweka vitambaa vyako."

Usiku ule mwanamke aliyewashonea kola watu wa mji mzima alitia mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia. Asubuhi akampigia simu binti yake.

"Mama, si ulikuwa unaiombea siku hii?" binti akasema.

"Nilikuwa naomba mengi. Hili halikuwa la kujibiwa."

"Basi mwambie asiiuze."

"Nimwambie nini? Kwamba asikilize asichokisikia?" Kisha akalisema lenyewe. "Ile Ndefu ikitoka mlangoni, baba yako naye anatoka. Atabaki kivuli nimpikie."

Binti, wa kutatua mambo, safari hii hakuwa na la kutatua. Akasema, "Wewe ndiye unayemjua, mama," na hilo ni jibu ambalo halimsaidii mtu yeyote.

Jumapili ikafika. Walikula, mume akavuta gramafoni katikati ya sebule na kuanza kupangusa vumbi la nyuma, vile mtu anavyomwogesha mtoto anayempeleka bweni. Mke hakwenda kwenye cherehani. Alisimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Nipigie upande wa pili," akasema.

Mume akamtazama midomo. "Nani?"

"Mimi. Mtu wako hajafika. Nipigie."

"Sitausikia."

"Nani kakuuliza kama utausikia? Nimesema unipigie mimi."

Akaishika spika moja mwenyewe, kubwa kama kreti ya soda, akaiburuza mpaka chumbani kwake, waya ukafika kwa shida, akaisukuma chini ya meza ya kukatia. Meza hiyo ni ya mbao nzito, imebeba mabunda ya vitambaa na viwiko vya mwanamke huyu tangu ujana wake. Akafagia mikasi na chaki pembeni, akaweka viti viwili. Mume akaishusha sindano, akaja, akakaa, bado hajaelewa. Mke akamshika viganja vyote viwili, akavibandika mezani.

Na meza ikaanza. Kwanza mtetemo mdogo tu kwenye ncha za vidole. Halafu gita zito likaingia ndani ya mbao, na mzee akanyanyua uso.

"Huyo anakuja yule anayechechemea," mke akamwambia sikioni. "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Amesahau kiatu kimoja."

Mume akamgeukia.

"Sasa huyu mwenye kinanda anamfukuza. Subiri, hajamkamata. Sasa mpiga mabati. Leo kaamka vibaya. Haya, na yule mwanamume wa ngazini kaanza kulalamika, kama kawaida yake, sijui kadhulumiwa nini." Na akamwimbia mstari mzima, maneno yasiyo maneno ya lugha yoyote, lakini sauti iko palepale inapotakiwa.

"Wewe unaijua," mume akasema. "Unaijua yote."

"Nimekaa nayo ukuta mmoja umri wangu wote, nitaachaje kuijua?"

Mzee alicheka. Alicheka kile kicheko cha shimo la lifti ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau, na mke akageuza uso kwa sababu kilimchoma. Wakaendelea hivyo, yeye anatangaza kama mtangazaji wa mpira, mume viganja mezani anafuata, anatikisa kichwa, anamsahihisha: siyo mabati, ni sahani za ngoma, siyo analalamika, anaaga. Wimbo ukapanda, ukapanda, meza ikanguruma mpaka pini zikacheza ndani ya kopo. Halafu ikatulia. Meza ikawa meza.

Mke akanyanyuka. "Hapo imeisha. Ngoja nikuletee chai."

Mume akamshika mkono. "Haijaisha."

"Imeisha, baba watoto. Hapa ndipo unapogeuzaga."

"Huu ndio upande wa pili wenyewe, na ndio ninaoupiga Jumapili zote. Nitageuza nini?" Akamwelekeza kwa kidevu. Mke akatazama kupitia mlango ulio wazi, akaona santuri inazunguka, na mkono wa sindano uko katikati kabisa ya njia yake. Katika miaka yote ile hakuwahi kuangalia. Nani anamkodolea macho mke mwenza? "Hapo kuna filimbi," mume akasema. "Mimi sina ninachopata hapo. Hata mezani haifiki. Lakini ipo. Sikiliza."

Alisikiliza. Cherehani ilikuwa kimya, na hiyo ndiyo tofauti. Ilikuwepo kweli: filimbi moja, nyembamba, iko mbali, haina ngoma wala gita, inatembea peke yake. Inapanda kidogo, inangoja, inafikiri, inashuka. Hakuwahi kuisikia hata siku moja. Ukuta ulikuwa ukimpitishia makelele na kumnyima hii. Akakaa chini taratibu, na mambo yakaanza kujipanga kichwani mwake moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililompendeza.

"Kwa hiyo mimi miaka yote hii naingia na vikombe katikati ya wimbo wako," akasema.

"Katikati kabisa."

"Naongea."

"Tena unaongea vizuri tu. Mara bibi harusi kanenepa, mara zipu zimeadimika."

"Mbona sikuisikia nikiwa mle ndani?"

"Ukigusa kitasa tu nilikuwa napunguza sauti. Ukitoka napandisha."

Mke alimkasirikia kwa namna ya mtu anayependa mpaka hajui afanye nini. "Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu. Ningengoja."

"Ndiyo hivyo. Ungengoja. Nakujua." Mzee hakuwa akimtazama, alitazama viganja vyake juu ya meza. "Na ikiisha, wenye nguo zao wameshajaa mlangoni. Wiki nzima wewe uko kwenye cherehani, mimi niko kwenye mashimo ya majengo ya watu. Hapo ndipo ulipokuwa unainuka mwenyewe, hakuna aliyekuita, unakuja kukaa na mimi. Sasa niseme nini? Filimbi imo kwenye santuri, haiendi popote. Nikawa najiambia nitaisikiliza siku nyingine. Siku nyingine ndizo hizi."

Mke akalia, wala hakujificha. Alilia na filimbi inaendelea, kisha akapangusa uso kwa kipande cha bitana kilichokuwa karibu, akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana, akaweka mdomo sikioni kwa mumewe.

"Imepanda," akamwambia.

Mzee akafumba macho. "Sasa itasimama."

"Imesimama."

"Itataka kushuka, haitaweza."

"Ndiyo. Imerudi juu. Inatetemeka kidogo."

"Inatetemeka, ndiyo. Ndiyo yenyewe hiyo."

Mlango wa mbele ukagongwa. Mzee hakusikia, bila shaka, lakini aliona jicho la mkewe lilivyokwenda upande, na akajua.

"Amefika," akasema.

"Amefika. Nimwambie nini?"

Mume akageuka kuitazama santuri inayozunguka. "Mimi peke yangu siiwezi tena," akasema. "Kukaa nayo peke yangu hapo sebuleni, siwezi."

"Nani kasema peke yako? Nimekuuliza nimwambie nini."

"Mwambie unavyoona wewe."

Mke akaenda mlangoni. Mwenye duka la vitu vya kale alikuwa mtu mstaarabu, kaja na mkokoteni na mablanketi ya kufungia. Akasalimia vizuri, akaulizia mzee na mzigo.

"Hakuna mzigo, baba," mke akasema. "Hatuuzi."

"Lakini mama, mzee alikuja mwenyewe dukani. Tulizungumza, nikamuuliza, akanijibu ndiyo."

"Alijibu ndiyo?"

"Mara mbili."

"Mzee wangu hasikii, baba. Siku hizi ukimuuliza lolote anajibu ndiyo. Ungemuuliza kama anamuuza mkewe angekujibu ndiyo pia, na leo ungekuja na mkokoteni kunichukua mimi. Pole kwa safari. Maji ya kunywa yapo."

Mtu yule aliwaza, akakosa pa kushika, akanywa maji, akaenda zake na mablanketi.

Aliporudi chumbani meza ilikuwa inanguruma tena, wote wamerudi, mchechemeaji na mwenye kinanda na yule wa ngazini, na mzee anapiga moja mpaka saba kwa vidole.

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia husikii."

"Ni kweli sisikii."

"Basi sikumdanganya." Akakaa. "Filimbi ilimalizaje?"

Mume akaacha kupiga vidole. "Hukuisikia mwisho wake?"

"Nilikuwa mlangoni na mtu wako."

"Mwisho wake ndio wenyewe hasa," mzee akasema. "Haiwezekani ukae bila mwisho wake." Akasimama, akaenda sebuleni. Alikuwa ameshavitia mafuta vitu vizito na vya hatari maisha yake yote, na mkono wake haukutikisika alipoinua sindano, akainama akatafuta kwa jicho ule mstari mpana kidogo kwenye weusi wa santuri, panapokaa sauti ndogo, akaishusha hapo. Akapandisha sauti mpaka mwisho. Akarudi, akakaa, akaegemeza bega lake kwenye bega la mkewe, akalitega sikio lile lililobaki na uhai kidogo, karibu kabisa na mdomo wake.

"Niambie ikianza," akasema.

Mke akangoja, hajagusa kitu, hajasema kitu, mkono wa mumewe mkononi.

"Imeanza," akamwambia.